Maswali ya Wasomaji: Bima ya Rehani ya Serikali ya Marekani Inamlinda Nani?

Makala yetu kuhusu mikopo ya nyumba ya miaka 30 imeleta barua nyingi, na zaidi ya nusu zinauliza kuhusu Marekani: serikali ya huko iliingiaje kwenye rehani za raia wake, na nani alifaidika? Tumechagua barua saba. Zinazofanana tumeziunganisha.

Nasikia watu walioko Marekani wakisema "nimepata mkopo wa FHA". Ina maana serikali ndiyo inawakopesha? Na mtu akipoteza kazi, hiyo bima inamlipia marejesho?

Hapana, kwa yote mawili. FHA ni idara ya serikali kuu ya Marekani iliyoanzishwa kwa Sheria ya Taifa ya Nyumba ya tarehe 27 Juni 1934. Haitoi mkopo. Fedha hutoka benki au kampuni ya mikopo, na FHA huikatia bima mikopo inayotimiza masharti yake.

Anayelindwa na bima hiyo ni mkopeshaji. Mkopaji ndiye anayelipa ada, lakini akishindwa kulipa deni, fidia inakwenda benki. Utaratibu uliozoeleka ni huu: mkopaji anashindwa kulipa, mkopeshaji anachukua nyumba kisheria, anaikabidhi kwa FHA, kisha analipwa kutoka mfuko uliochangiwa na wakopaji wote. Miaka ya mwanzo hakulipwa fedha taslimu, alipewa hatifungani, yaani hati za ahadi ya kulipwa baadaye kwa riba, zenye dhamana ya serikali.

Mkopaji anapata nini basi? Anapata masharti ambayo benki isingempa bila bima: malipo madogo ya awali, muda mrefu na riba nafuu. Tunaomba msomaji alishike hili vizuri, kwa sababu karibu kila jibu linalofuata linatoka hapo. Serikali ikishabeba hasara, masharti inayoyaandika ndiyo yanayoamua nani apate nyumba na nani akose.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa historia ya uchumi. Mwalimu alisema kabla ya 1934 Mmarekani wa kawaida aliweza kupoteza nyumba hata kama hajawahi kuchelewesha riba. Inawezekanaje?

Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi, na sababu yake iko kwenye muundo wa mkopo wenyewe.

Miaka ya 1920 mkopo wa nyumba kutoka benki au kampuni ya bima ulikuwa wa muda mfupi, mara nyingi miaka 3 hadi 5, na ulifikia takriban nusu ya thamani ya nyumba. Mkopaji alilipa riba tu. Deni lenyewe lilibaki palepale hadi siku ya mwisho, likadaiwa lote kwa mkupuo.

Chukua nyumba ya dola 5,000. Mnunuzi anatoa 2,500, anakopa 2,500 kwa riba ya asilimia 6. Kila mwaka analipa dola 150 za riba. Baada ya miaka 5 ameshatoa dola 750, na bado anadaiwa 2,500 zilezile. Hakuna aliyetarajia azitoe mfukoni. Kila mtu alitegemea benki iuhuishe mkopo kwa miaka mingine 5. Aliyekosa nusu ya kuanzia alichukua mkopo wa pili juu ya wa kwanza, wenye riba kali na kamisheni nzito. Kulikuwa na vyama vya kujenga na kukopeshana vilivyotoa mikopo ya kulipwa kidogo kidogo kwa miaka 11 au 12, ila havikumfikia kila mtu.

Mfumo huo ulisimama kwa sharti moja tu: benki iwe na fedha siku mkopo unapoiva. Mdororo Mkuu wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, benki zilifungwa kwa maelfu, na zilizobaki zilihitaji fedha zao zirudi. Mwenye nyumba aliyelipa riba kila mwezi bila kukosa alifika siku ya kuhuisha akaambiwa alete deni lote. Bei za nyumba zilikuwa zimeanguka, kwa hiyo hata kuuza hakukutosha. Kufikia 1933 nyumba takriban 1,000 zilikuwa zikichukuliwa na wakopeshaji kila siku.

Sasa weka nyumba hiyohiyo kwenye masharti ya FHA ya 1934: mkopo hadi asilimia 80 ya thamani na usiozidi dola 16,000, muda hadi miaka 20, riba isiyozidi kiwango kilichowekwa, na marejesho ya kila mwezi yanayokata riba na deni kwa pamoja. Mnunuzi anatoa dola 1,000, anakopa 4,000. Kwa asilimia 5 analipa kama dola 26.40 kwa mwezi, bila ada ya bima. Mwezi wa kwanza dola 16.67 ni riba na 9.73 zinapunguza deni. Mwezi unaofuata riba inashuka kidogo na kinachokata deni kinapanda. Mwaka wa ishirini ukiisha, hakuna siku ya mkupuo inayomngoja. FHA iliagiza pia kodi ya nyumba na bima ya moto vilipwe ndani ya rejesho la mwezi, maana wengi walikuwa wakipoteza nyumba kwa kodi iliyolimbikizwa.

Ukijibu swali hili kwenye mtihani, usiishie kuandika kwamba serikali ilisaidia wenye nyumba. Andika kwamba ilibadilisha umbo la mkopo. Masharti hayo yalilegezwa baadaye: mwaka 1938 nyumba mpya za bei ndogo ziliruhusiwa mkopo wa asilimia 90 kwa miaka 25.

Nimesoma kwamba shirika la HOLC lilichora ramani zenye maeneo mekundu, na ndiyo maana Wamarekani Weusi walinyimwa mikopo. Wengine wanasema si HOLC, ni FHA. Ukweli uko wapi?

Haya ni mashirika mawili yaliyofanya kazi tofauti, na kuyachanganya kunamwondolea lawama aliyestahili zaidi.

HOLC ilianzishwa tarehe 13 Juni 1933 kuokoa watu waliokuwa tayari na mikopo iliyoharibika. Ilinunua madeni yao kwa wakopeshaji, ikayageuza mikopo ya miaka 15 kwa riba ya asilimia 5, hadi asilimia 80 ya thamani. Ilichukua zaidi ya mikopo milioni moja, yenye thamani ya takriban dola bilioni 3, na ikaacha kukopesha mwaka 1936.

Ramani zake maarufu zilipanga mitaa kwa madaraja manne: A kijani, B bluu, C njano, D nyekundu. Mitaa ya Weusi karibu yote ilipakwa nyekundu, na maelezo ya pembeni yalitaja rangi na asili ya wakazi kama kasoro. Lakini angalia tarehe. Nyingi zilichorwa kati ya 1935 na 1940, wakati mikopo mingi ya HOLC ilikuwa imeshatolewa, ikiwemo kwa wenye nyumba Weusi. Ramani ni ushahidi wa fikra za ubaguzi za wakati huo. Haziwezi kuwa ndizo zilizofunga mlango kwa mikopo iliyotoka kabla yake.

Mlango ulifungwa na FHA. Ilikuwa na takwimu na ramani zake, na ilikuwa na mwongozo wa tathmini uliowaelekeza wathamini kushusha alama za mtaa wenye mchanganyiko wa watu. Toleo la 1938 lilieleza wazi kwamba utulivu wa mtaa unahitaji nyumba ziendelee kukaliwa na watu wa tabaka na rangi ileile, na likapendekeza masharti ya hati yanayokataza kuuziwa watu wa rangi nyingine. Hapa ndipo ubaya ulipo: benki iliyokuwa tayari kumkopesha familia Nyeusi ilijikuta haina bima, wakati mkopo wa mtaa wa Weupe tu ulikuwa na serikali nyuma yake.

Detroit kuna ukuta unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko ramani yoyote. Mwaka 1941 mjenzi alitaka kujenga nyumba za Weupe karibu na mtaa wa Weusi jirani na barabara ya Eight Mile. FHA ilikataa kwa sababu ya ukaribu huo. Alipojenga ukuta wa zege wenye urefu wa kwenda juu wa futi 6, karibu mita 1.8, uliotanda takriban nusu maili kati ya mitaa hiyo miwili, mikopo ikakubaliwa. Ukuta upo mpaka leo, sehemu yake imechorwa michoro ya rangi.

Kuuacha ubaguzi huo kulikuwa kwa hatua, tena polepole mno. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, ilisema mahakama haziwezi kutekeleza hati za ubaguzi. FHA ilikubali kuacha kukatia bima nyumba zenye hati mpya za aina hiyo kuanzia Februari 1950. Rais Kennedy alisaini amri dhidi ya ubaguzi kwenye nyumba zenye msaada wa serikali kuu Novemba 1962, na Sheria ya Makazi ya Haki ikapita Aprili 1968. Hesabu miaka kutoka 1934: ni 34.

Na aliyenyimwa mkopo hakukaa bila nyumba tu. Chicago, kwa mfano, familia nyingi Nyeusi zilinunua kwa mkataba wa malipo ya awamu moja kwa moja kwa muuzaji, kwa bei iliyopandishwa sana. Hati ilibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Ukikosa mwezi mmoja, unatolewa, na uliyokwisha kulipa yanapotea. Mwaka 1968 wanunuzi wa mtaa wa Lawndale waliunda umoja wao wakagoma kulipa mpaka mikataba ijadiliwe upya. Watu hawa walilipa zaidi ya majirani zao wenye bima ya serikali, na wakapata ulinzi mdogo zaidi. Ni dhulma ambayo hakuna namna ya kuipamba.

Askari wa Marekani waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili walipewa nyumba bure?

Hawakupewa nyumba. Sheria ya 22 Juni 1944 iliwapa dhamana: serikali ilisimamia asilimia 50 ya mkopo, kwa kikomo cha dola 2,000, kilichopandishwa hadi 4,000 mwaka uliofuata. Kwa kawaida hawakuhitaji malipo ya awali, na hilo halihitajiki hadi leo. Tofauti yake na FHA ni kwamba FHA hukatia bima mkopo mzima, na idara ya wanajeshi wastaafu, VA, hudhamini sehemu tu. Leo sehemu hiyo kwa kawaida ni robo ya mkopo.

Lakini benki ndiyo iliyoamua nani akopeshwe. Uchunguzi wa 1947 katika miji 13 ya jimbo la Mississippi ulikuta kwamba kati ya mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba iliyodhaminiwa kwa sheria hiyo, miwili tu ilikwenda kwa wastaafu Weusi. Sheria yenyewe haikutaja rangi popote.

Fannie Mae, Ginnie Mae, Freddie Mac: nani ni nani?

Fannie Mae ilianzishwa 1938 ili inunue kwa wakopeshaji mikopo yenye bima ya FHA, fedha zao zirudi wakopeshe tena. Mwaka 1968 iligawanywa. Upande mmoja ukawa kampuni ya wanahisa wenye jina hilohilo. Upande wa pili, Ginnie Mae, ukabaki ndani ya wizara ya nyumba, HUD. Ginnie Mae hainunui mikopo. Inawahakikishia wawekezaji kwamba watalipwa kwa wakati kwenye hatifungani zilizojengwa juu ya mikopo ya FHA na VA, na ya kwanza ilitoka 1970. Mwaka huohuo ikaanzishwa Freddie Mac, kwa ajili ya mikopo isiyo na bima ya serikali. Fannie na Freddie ziliwekwa chini ya usimamizi wa serikali Septemba 2008, baada ya hasara za mgogoro wa nyumba.

Kaka yangu anaishi Marekani na anataka kununua nyumba ya dola 300,000 kwa FHA. Anaambiwa "asilimia 3.5 tu". Gharama halisi ni zipi, na mitego iko wapi?

Kwanza, hali yake ya ukaazi. Tangu 25 Mei 2025 FHA haikubali tena wakaazi wasio wa kudumu. Raia na wenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa. Alihakikishe hili kabla ya kulipia chochote.

Pili, alama zake za ukopaji, yaani namba inayoonyesha amekuwa akilipaje madeni. Kuanzia 580 anaweza kutoa asilimia 3.5, kati ya 500 na 579 ni asilimia 10. Hizo ni sheria za FHA. Mkopeshaji ana haki ya kudai zaidi, na wengi hudai, kwa hiyo akikataliwa na mmoja aulize wengine.

Hesabu yake inakwenda hivi. Asilimia 3.5 ya 300,000 ni dola 10,500, anabaki kukopa 289,500. Juu yake kuna ada ya bima ya mara moja, asilimia 1.75, yaani dola 5,066. Wengi huiingiza kwenye mkopo, deni likawa kama 294,566. Kwa mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5, rejesho la deni na riba ni takriban dola 1,862 kwa mwezi. Ongeza ada ya bima ya mwaka, asilimia 0.55 kwa mkopo wa aina hii, inayogawanywa kwa miezi: kama dola 132 mwaka wa kwanza, ikishuka taratibu deni linapopungua. Halafu kodi ya nyumba na bima ya moto. Zile 10,500 pia hazijumuishi gharama za kufunga mauzo. Muuzaji anaruhusiwa kumsaidia hizo hadi asilimia 6 ya bei, na hilo lijadiliwe kabla ya kusaini.

Mtego mkubwa uko kwenye muda wa ada. Akianza na malipo ya awali chini ya asilimia 10, ada ya mwaka inadumu maisha yote ya mkopo. Akitoa asilimia 10 au zaidi, inakoma baada ya miaka 11. Watu wengi hudhani itajiondoa deni likifika asilimia 80 ya thamani. Sheria hiyo ni ya bima za kampuni binafsi: huko mkopaji anaweza kuomba iondolewe deni likifika asilimia 80 ya thamani ya awali, na kwa asiyechelewesha malipo inaondolewa yenyewe likipangwa kufika 78. Kwa kaka yako, njia ya kutoka ni kukopa upya nje ya FHA wakati alama zake na riba ya soko vitakapoipa hatua hiyo maana.

Kuna mtego wa nyumba yenyewe. Mthamini wa FHA huangalia thamani na usalama wa msingi: paa, umeme, maji, rangi inayobanduka kwenye nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 kwa sababu ya madini ya risasi. Huo si ukaguzi wa kina. Amlipe mkaguzi wake mwenyewe, na mkataba uwe na kifungu kinachomruhusu kujitoa. Pia FHA haikubali nyumba ambayo muuzaji ameimiliki kwa siku 90 au chini yake, na mnunuzi lazima ahamie ndani ya siku 60 na akae humo angalau mwaka. Ndugu wakimchangia malipo ya awali, kila mmoja aandike barua kuthibitisha ni zawadi na si deni, na njia ya fedha ionekane kwenye taarifa za benki. Fedha zisizo na maelezo huchelewesha mkopo hadi muuzaji anakata tamaa.

Na akianza kushindwa kulipa, apige simu kabla ya mwezi wa pili. Mkopeshaji wa FHA analazimika kumpitisha kwenye njia za kunusuru nyumba kabla ya kuichukua, ila anayekaa kimya hukuta muda umekwisha.

Kama serikali inabeba hasara yote, benki haiwezi kumkopesha yeyote tu ili ivune ada?

Inaweza, na imewahi kutokea. Sheria ya nyumba ya 1968 iliunda mpango uliojulikana kama Kifungu 235: familia ya kipato kidogo ilinunua kwa malipo ya awali yaliyoweza kuwa dola 200 tu, na serikali ililipia riba hadi mnunuzi abaki na asilimia 1. Lengo lilikuwa jema, kufungua mlango uliofungwa miaka 34. Kilichotokea kwenye miji kama Detroit ni kwamba walanguzi walinunua nyumba chakavu kwa bei ya kutupa, wakapaka rangi, wakapata wathamini waliokubali kuandika thamani ya juu, wengine kwa hongo, na kuziuza kwa bima ya FHA. Boila likifa au bomba likipasuka baada ya miezi michache, mnunuzi alikuwa hana akiba ya kulitengeneza. Aliondoka. Mkopeshaji alidai bima yake yote na alikuwa ameshachukua ada za mwanzo. HUD ilibaki na maelfu ya nyumba tupu, na Januari 1973 serikali ya Rais Nixon ilisitisha mipango ya ruzuku.

Waliolaumiwa zaidi wakati ule ni wanunuzi, wengi wao akina mama Weusi wenye kipato kidogo. Hatukubaliani na lawama hiyo. Hawakuandika tathmini, hawakuwa na mkaguzi, na walikuwa watu pekee kwenye biashara hiyo walioweza kupoteza kitu.

Kosa la aina hiyo lilirudi miaka ya 2000, wauzaji walipokuwa wakilipia wanunuzi malipo ya awali kupitia mashirika ya hisani, huku gharama ikirudishwa kwenye bei. Mnunuzi alionekana ametoa fungu lake, kumbe hakuwa na chochote chake ndani ya nyumba. Sheria ya 2008 ilipiga marufuku mtindo huo, lakini mikopo hiyo, pamoja na ile ya wazee wanaokopa juu ya nyumba zao, ilikuwa imeshautoboa mfuko. Akiba ilishuka chini ya asilimia 2 inayotakiwa kisheria mwaka 2009, na tarehe 30 Septemba 2013 FHA ilichukua takriban dola bilioni 1.7 hazina, kwa mara ya kwanza tangu 1934. Ada ya mwaka ya maisha yote, ile inayomngoja kaka wa msomaji wetu hapo juu, ilianza kutumika Juni mwaka huohuo ili kuujaza mfuko.